Safari ya mabwawa ya kuogelea: Silver Spring, Glen Echo, Virginia mpaka Baltimore

Nimesharudi Tanga, mizigo mingine bado haijafunguliwa, ndo nimekaa na noti za simu na picha kibao kujaribu kuipanga hii safari iwe na kichwa na miguu. Wengi mliniuliza Marekani umetembelea wapi, mkitegemea New York sijui Disney, sasa mimi zaidi nimezunguka mabwawa ya kuogelea. Ndio, mabwawa. Mengine yana maji, moja limejazwa udongo likaota majani, jingine nimeliona nikiwa nje ya fensi tu. Kama wewe ni mtu wa maduka hii itakuchosha, ila kama una ndugu maeneo ya Washington na unajiuliza kwa nini ile miji imekaa vile ilivyokaa, soma taratibu.

Ijumaa, Silver Spring

Habari za ndege naziruka, ni foleni na shingo kuuma basi. Kitu kimoja tu: tukiwa tunashuka nilikuwa dirishani, chini nikaanza kuona vidoti vya bluu nyuma ya nyumba, kimoja, cha pili, mtaa mzima, halafu mtaa mwingine hakuna hata kimoja. Mama aliyekaa pembeni yangu akaniambia hayo ni mabwawa ya watu, kila mtu na lake. Baadaye ndo nikasoma kwamba mwaka 1950 Marekani nzima mabwawa ya kuchimbwa majumbani yalikuwa kama 2,500 tu, ikifika mwisho wa karne yakawa kama milioni 4. Sasa ukijiuliza nini kilitokea hapo katikati ndo unaingia kwenye hii safari yangu.

Dada yangu anakaa Silver Spring, Maryland, ni kiunga cha Washington, treni nusu saa hivi uko katikati ya jiji. Wahabeshi wamejaa, injera utakula mpaka uchoke, Waswahili nao wapo. Jioni tukatoka na mpwa wangu kunyoosha miguu, mitaa miwili mbele nikasikia watoto wanapiga kelele majini nyuma ya miti, nikasema twende. Mpwa akanivuta shati: "Mjomba, lile si letu." Dada akaeleza kwamba ni klabu ya mtaa, unaomba uanachama, kuna ada ya kujiunga, kuna ada ya kila mwaka, na kuna orodha ya kusubiri ndefu. Wao huwa wanaenda bwawa la kaunti.

Shemeji ndo alinipa somo usiku tukila. Ameishi huko muda mrefu, anapenda historia kuliko mpira. Akasema tazama vilabu hivi vyote vinavyozunguka Washington, vingi vimezaliwa kipindi kile kile, miaka ya 50 na mwanzo wa 60, jiulize kwa nini.

Nifupishe alivyosema. Mwisho wa karne ya 19 miji ya kaskazini ilijenga mabwawa ya umma kwa ajili ya maskini, wanaume siku yao, wanawake siku yao, na humo mweusi na mzungu maskini walioga pamoja wala hakuna aliyeshtuka sana. Miaka ya 1920 na 30 yakaja mabwawa makubwa ya starehe, yana mchanga pembeni, na wanaume na wanawake wakaruhusiwa kuingia pamoja. Hapo ndipo mweusi akatolewa. Hawakutaka mwanaume mweusi awe kwenye maji mamoja na mwanamke wa kizungu, hiyo ndo sababu, na juu yake wakapaka kisingizio cha magonjwa. Pittsburgh mwaka 1931 walifungua bwawa la Highland Park, weusi wakaombwa cheti cha afya mlangoni, wazungu wanapita tu. Waliofanikiwa kuingia walipigwa humo humo majini na polisi wakiwepo. Na Pittsburgh ni kaskazini jamani, sio Mississippi kule kusini.

Jumamosi, Glen Echo

Kwenye ramani Silver Spring na Glen Echo ziko kaunti moja, Montgomery, ila treni ya Red Line inazama mpaka katikati ya Washington halafu inapanda tena upande wa pili mpaka Bethesda, kwa hiyo unazunguka weee. Wikiendi nauli ya Metro ni kama dola 2 na nusu. Kutoka Bethesda unachukua basi la Ride On namba 29, na mabasi ya Ride On siku hizi hayalipiwi kabisa, unapanda unakaa, mimi nilisimama mbele ya dereva nimenyoosha kadi mpaka akacheka.

Ila Jumamosi hilo basi linakuja kwa kunyata. Nimekaa kituoni jua linachoma, bibi mmoja wa kizungu akanisogezea mwavuli wake, akanipa maji ya chupa bila hata kuniuliza jina, na tulipopanda akamwambia dereva "huyu mshushe pale kwenye bustani". Kituo kweli ni rahisi kukipita, usipoangalia unajikuta Friendship Heights.

Glen Echo ilikuwa bustani ya michezo ya watu wa Washington, treni ya umeme ilipita hapo, familia zinapakia vikapu zinakuja kushinda. Mwaka 1931 wakafungua Crystal Pool, bwawa la kubeba watu 3,000. Wazungu tu. Leo bwawa lenyewe halipo, imebaki sura ya mbele ya jengo na maandishi yake makubwa CRYSTAL POOL, unapiga picha, unachungulia nyuma, hakuna maji. Bembea ya farasi wa kuzunguka ya mwaka 1921 ipo hai, dola 2 unapanda, watoto wa kila rangi wamejaa.

Kwenye hiyo bembea ndipo palipotokea kisa. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi wa Howard, chuo cha weusi pale Washington, walikuja na wenzao wachache wazungu wakapanda wale farasi. Askari wa bustani, ambaye alikuwa amepewa pia madaraka ya naibu sherifu wa kaunti, akamuuliza mmoja wao, Marvous Saunders, wewe ni wa rangi gani, akajibu mimi ni wa rangi ya binadamu. Watano wakakamatwa. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu na mwaka 1964 hukumu yao ikafutwa. Mmoja wa wale watano, Gwendolyn Greene, baadaye akawa seneta wa jimbo hilo hilo la Maryland, kwa jina la Britt.

Kilichonishika zaidi ni waliokuwa wanaandamana nje ya geti msimu mzima. Wanafunzi walikuwepo, lakini pia majirani wa mtaa wa Bannockburn hapo karibu, wengi wao Wayahudi, kina mama wanasukuma vigari vya watoto na mabango. Upande wa pili wa barabara wakaja Manazi wa Kimarekani, kundi la George Lincoln Rockwell kutoka Virginia, nao na mabango yao. Viunga navyo havikuwa na moyo mmoja. Msimu wa 1961 bustani ikafungua kwa wote, na mwaka 1968 ikafungwa kabisa. Sasa iko chini ya mamlaka ya hifadhi za taifa.

Kwa atakayeenda: kuingia bure, vyoo safi, chakula beba chako, na farasi wanazunguka kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 tu, tena sio kila siku, angalia ratiba kabla hujachoma muda.

Jumapili, Wheaton

Mchana pilau kwa rafiki wa dada. Kushuka stesheni ya Wheaton kuna ngazi za umeme ndefu kuliko zote upande huo wa dunia, mita 70, unasimama juu yake unaweza kusoma meseji zote za grupu la ukoo na kujibu.

Kati ya sahani ya kwanza na ya pili shemeji akarudi kwenye mada yake, maana tulikuwa hatuko mbali na ilipokuwa kesi ya Wheaton-Haven. Hii ndiyo kesi iliyonifungua macho kuliko zote kwa hiyo vumilieni.

Wheaton-Haven ilianzishwa 1958, watu wa mtaa walichanga wakachimba bwawa lao. Mwisho familia 325. Ukiishi ndani ya robo tatu ya maili, yaani kama kilomita 1.2, huhitaji hata kupendekezwa na mwanachama, na ukiuza nyumba yako aliyenunua anapata nafasi ya kwanza kuchukua uanachama wako. Nyumba na bwawa vinatembea pamoja. Mwaka 1968 Dokta Harry Press na mkewe, weusi, wakiwa wamenunua nyumba ndani ya ile duara, waliulizia kujiunga. Wakanyimwa hata fomu. Mwezi wa 7 mwaka huo huo familia ya kizungu, kina Tillman, wanachama halali, wakaja na mgeni mweusi, mama Grace Rosner. Siku hiyo aliingia. Viongozi wakakaa haraka wakabadilisha kanuni: kuanzia leo mgeni lazima awe ndugu wa damu au wa ndoa.

Yaani hawakuandika popote "weusi hapana". Waliandika ndugu tu.

Kina Press, kina Tillman na mama Rosner wakaenda mahakamani. Utetezi wa klabu ulikuwa huu: sisi ni watu binafsi, sherehe yetu, tunamwalika tunayemtaka. Februari 1973 Mahakama ya Juu kwa kauli moja ikasema hapana, klabu inayofungua mlango kwa kila mzungu wa eneo zima bila kigezo kingine sio klabu binafsi, na haki ile ya kujiunga ilikuwa sehemu ya thamani ya nyumba, kwa hiyo mweusi aliponunua nyumba aliuziwa kitu pungufu kuliko jirani yake. Sheria waliyoitumia ni ya 1866, ya baada tu ya utumwa kufutwa, ilikuwepo siku zote.

Mwenyeji wetu akasema hiyo ni Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wametofautiana lugha tu. Wote tukacheka, ila ni kweli, Dar ya mkoloni ilipangwa kwa kanda hivyo hivyo, ukijua mtu anaishi wapi unajua atapata maji gani na barabara gani.

Jumatatu, kusini mwa Alexandria, Virginia

Siku ya kuchoka. Metro mpaka Huntington, Yellow Line, mwisho wa reli. Hapo basi la kaunti, na siku hiyo likachelewa zaidi ya saa, halafu likaja mawili yamefuatana kama tulivyozoea huku. Kijana mmoja wa El Salvador aliyekuwa anaenda kazini akashuka nami akanisindikiza karibu mtaa mzima ili nisipotee, na alikuwa ameshachelewa.

Nilikuwa natafuta Little Hunting Park, upande wa kuelekea Mount Vernon. Ni bwawa la jumuiya ya mtaa, nimelitazama nje ya fensi dakika chache nikaondoka, maana mtu mgeni kusimama kwenye fensi ya bwawa lenye watoto sio tabia nzuri popote duniani.

Hapa kesi ilikuwa tangu 1965. Bwana Paul Sullivan, mzungu, alikuwa na nyumba mbili, moja akampangisha T. R. Freeman, mweusi, mchumi wa serikali kuu, na hisa ya bwawa iliyokuja na nyumba akamkabidhi kama kanuni zilivyoruhusu. Bodi ikakataa kwa sababu ya rangi. Sullivan alipoendelea kulalamika wakamfukuza na yeye. Desemba 1969 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi wote wawili, Freeman kwa kunyimwa na Sullivan kwa kuadhibiwa. Mimi huyu Sullivan namvulia kofia, alikuwa na bwawa lake, watoto wake wanaogelea, angekaa kimya hakuna ambaye angemuuliza kitu.

Kurudi nikakuta foleni ya magari ya kufa mtu kule juu na treni inapita raha mustarehe. Usikodi gari kwa hii safari, paking peke yake itakumaliza.

Jumanne, Banneker, Washington

Leo nilitaka kuoga sio kusoma. Bwawa la Banneker liko mkabala na chuo cha Howard, lilifunguliwa miaka ya 30, na pamoja na lile la Francis lililotangulia mwaka 1928 ndo yalikuwa ya weusi. Mkazi wa jiji anaingia bure akionyesha kitambulisho, mimi mgeni nikalipa dola 7. Leta kufuli lako la kabati, na vaa nguo ya kuogelea kweli, kaptula ya jinsi wanakurudisha. Kila bwawa la nje lina siku yake ya kufungwa kwa wiki, angalia kwanza.

Nimeogelea dakika kumi, radi ikanguruma mbali huko, mwokoaji akapuliza filimbi wote nje. Kanuni yao ni nusu saa kuanzia radi ya mwisho, na kila ikinguruma tena saa inaanza upya. Tukakaa kwenye kibanda watu wamejifunga mataulo, mama mmoja akagawa zabibu, na mzee mmoja aliposikia ninachozungukia akaanza kunisimulia habari za Anacostia.

Juni 1949, Washington. Mabwawa sita ya jiji yalikuwa chini ya wizara ya mambo ya ndani ya serikali kuu, na kwa karatasi yalikuwa ya kila mtu, mazoea ndo yalikuwa yanabagua. Vijana weusi wakaenda kuoga Anacostia, bwawa lililozoeleka kuwa la wazungu, umati ukakusanyika, ugomvi ukazuka, watu wakaumia. Waziri Krug akalifunga kwa msimu wote. Mwaka uliofuata likafunguliwa kwa wote na maisha yakaendelea, ila wazungu wengi walishaanza kuangalia kwingine. Miaka iliyofuata vilabu binafsi zaidi ya 100 vikaota kwenye viunga kuzunguka Washington. Hilo ndo jibu la swali la shemeji.

Wiki zile zile za Juni 1949 St. Louis ilikuwa mbaya zaidi. Bwawa la Fairground Park, la mviringo, kubwa ajabu, kiangazi cha 1948 lilihesabu waogeleaji 313,000. Siku ya kwanza weusi kuruhusiwa, tarehe 21 Juni, wazungu maelfu walizingira hapo na fimbo na marungu, meya akarudisha ubaguzi mara moja. Mahakama ikalazimisha lifunguliwe 1950, msimu huo wakahesabiwa 10,000 tu. Wengine wote walikwenda wapi? Ndo hao waliohamia viungani, wakachimba mashimo nyuma ya nyumba, wenye kipato cha kati wakachanga vilabu. Bwawa la mjini likabaki bila watu wenye sauti, na bwawa lisilo na mwenye sauti halipati bajeti, baada ya miaka michache lile la St. Louis likafungwa.

Kusini wao hawakutaka hata usumbufu huo. Montgomery, Alabama, mwaka 1959 walifunga bustani zote za jiji, hata wanyama wa zuu wakauzwa, bwawa la Oak Park likafukiwa. Jackson, Mississippi, wakafunga mabwawa ya umma mwaka 1963, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, ikasema ni sawa tu, maana wamewafungia weusi na wazungu kwa usawa. Nilimwambia mzee hii ndo hukumu ya ajabu kuliko zote, naye akasema ngoja ufike Baltimore.

Radi haikuisha. Tukaondoka.

Jumatano

Kulala, kufua, kununua zawadi.

Alhamisi, Baltimore

Treni ya MARC kutoka Union Station, kama dola 9, saa moja hivi uko Baltimore. Kutoka Baltimore kwenda juu kaskazini kuna barabara ya Route 40, na Waafrika tuna historia nayo: mwaka 1961 balozi wa Chad, Malick Sow, akiwa njiani kwenda Washington kupeleka hati zake kwa Rais Kennedy alinyimwa huduma kwenye mgahawa humo Maryland. Balozi! Mabalozi wa nchi zilizopata uhuru walikuwa wanapita pale kila siku kati ya New York na Washington na mambo yakawa aibu ya kimataifa.

Kutoka stesheni niliita Uber, dereva Mkenya wa Nakuru, kusikia Kiswahili tu akazima redio. "Unaenda Druid Hill kufanya nini buda, zoo?" Nikamwambia bwawa. Akasema ameishi Baltimore miaka na hajawahi kusikia, akapaki, akashuka tukatembea wote, na hakutaka nimuongeze kitu.

Druid Hill ni bustani kubwa kweli, ziwa, miti mizee, nyumba ya vioo ya maua. Bwawa Namba 2 liko ndani. Mwaka 1921 jiji lilijenga hili kwa ajili ya weusi, nusu ya ukubwa wa Namba 1 la wazungu ndani ya bustani hiyo hiyo, na lilikuwa la pekee kwa weusi zaidi ya 100,000 wa jiji. Waliingia kwa zamu, kundi linaoga, linatolewa, linaingia jingine.

Sasa hivi limejazwa udongo. Kingo zake bado zipo, ngazi za chuma za kushukia majini zipo, zinaingia kwenye majani, kiti cha mwokoaji kipo. Mwaka 1999 msanii wa hapo hapo Baltimore, Joyce J. Scott, aliligeuza kuwa kumbukumbu, akapaka rangi pembeni, buluu na mapambo. Tulisimama kwenye kina kirefu tumevaa viatu. Dereva wangu akaniambia piga picha nikiwa nashika ngazi, nikampiga, kisha akanyamaza muda.

Mzee mweusi, kofia ya Orioles, timu ya besiboli ya hapo, alikuwa anatembeza mbwa, akatusogelea kwa sababu alituona tunazunguka. Akasema ameoga hapo akiwa mtoto. Alichokumbuka sio ubaguzi kwanza, alikumbuka kelele, na kaka zake kumtupa majini, na walimu wa kuogelea wakali. Halafu ndo akaonyesha kwa kidole upande wa Namba 1 akasema tulikuwa tunalijua lile, tunalipita.

Mwaka 1953 mtoto mmoja mweusi alizama mto Patapsco akiogelea na rafiki zake, wakati huo mabwawa mengi ya jiji hayakuwa ya watoto kama yeye. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, wakaenda mahakamani. Julai 1954, miezi miwili tu baada ya Mahakama ya Juu kuamua shule zichanganye weusi na wazungu, jaji Roszel Thomsen akaamua kwamba mabwawa yaendelee kutengwa kwa sababu ni suala nyeti kuliko shule. Hapo nikamwelewa yule mzee wa Banneker. Darasani mkae pamoja sawa, ila majini mmevaa nguo kidogo hapana, jaji ameliandika tu kistaarabu lile lile la Pittsburgh 1931. Rufaa ikaipindua mwaka 1955, na 1956 Namba 1 likafunguliwa kwa wote, Namba 2 likafungwa.

Nilimuuliza mzee kama watoto wake wanajua kuogelea. Mmoja anajua, wawili hapana. Utafiti wa chama cha kuogelea cha Marekani wa 2017 ulikuta asilimia 64 ya watoto weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana, wazungu asilimia 40. Mzazi asiyejua hampeleki mtoto majini, na huyo mtoto naye akizaa ni hivyo hivyo. Halafu unakutana na watu, hata Waswahili wenzetu huko, wanakwambia weusi miili yao haielei. Mimi nimekulia Raskazone, wote tunaelea vizuri tu, tofauti ni kwamba hakuna aliyeweka fensi kwenye wimbi nilipokuwa mdogo.

Chakula: dereva alitupeleka kula lake trout, samaki wa kukaanga motomoto juu ya slaisi za mkate na pilipili ya chupa, kama dola 12, mnashiba wawili. Nikalipa mimi, hilo hakuweza kulikataa.

Kwa atakayefuata njia hii

Mabwawa ya nje huko yanafunguliwa mwishoni mwa Mei na kufungwa Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, ukienda Oktoba utaona saruji tu. Kadi ya SmarTrip inatumika Metro na mabasi mengi, nunua stesheni dola 2 kisha weka hela. Kwa nauli, viingilio na chakula cha njiani mimi nilitumia wastani wa dola 25 hadi 30 kwa siku ya kutoka, siku ya Baltimore ilizidi kwa sababu ya Uber. Dola ilikuwa kama 2,500 za kwetu, pigeni hesabu wenyewe. Druid Hill nenda mchana, bwawa halina kibao kikubwa cha barabarani, tafuta viwanja vya tenisi ndo uulize.

Sehemu moja ilinishinda. Karibu na Annapolis kuna mji mdogo unaitwa Highland Beach, ulianzishwa 1893 na Charles Douglass, mtoto wa Frederick Douglass, baada ya kufukuzwa yeye na mkewe kwenye ufukwe wa starehe jirani kwa sababu ya rangi, akanunua ardhi pembeni yao na kuuza viwanja kwa weusi wenzake. Nyumba aliyojengewa baba yake ni makumbusho sasa, ila unaingia kwa miadi, na mji ni wa makazi, huwezi kwenda tu na taulo. Nilitafuta basi la kufika huko sikuliona. Atakayejua njia bila gari aniandikie hapo chini, na kama kuna mtu ana ndugu anayeishi huko anaombwa ajitokeze.